Mpaka Jiwe Lioze

Wazee walipotuletea mgomba, Kemuma aliuangalia kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa kuku. Ulikuwa mgomba mzuri, sitaki kusema uongo. Mnene, umekatwa kwa urefu wa mtu mzima, umefungwa shuka jeupe katikati, na wanaume wanne walikuwa wameupandisha kutoka bondeni wakihema. Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, mgomba ndio unaokwenda kaburini badala yake.

"Rudisheni," Kemuma alisema. "Mimi sikuzaa mgomba."

Nikaona shingo ya mzee Nyamweya inavimba. Huyu ni baba mdogo wa waume zetu, na pale kwetu Tabaka hakuna kaburi lililochimbwa bila yeye kuonyesha pa kuchimba. Kemuma na mimi tumeolewa na ndugu wawili. Mume wake alikufa mapema. Wangu, Nyangau, mchongaji wa mawe, yuko hai mpaka leo na bado anadai chai kabla hajanawa uso.

"Kemuma, usicheze," mzee akasema. "Mwangalie huyo msichana."

Msichana mwenyewe alikuwa Mong'ina, mke wa Mogire, mtoto wa pili wa Kemuma. Tulimtoa kwao Manga, mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya kazi. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Sasa alikuwa na ya tatu, tumbo limeanza kuonekana, na ucheshi wote ulikuwa umemwisha. Alitembea kama amebeba mtungi wa mtu mwingine.

Wazee walikuwa wameshasema sababu. Thadeus, kaka yake Mogire, alikwenda Amerika kusoma mwaka uliofuata uhuru. Mwaka wa sabini na moja ikaja telegramu: nimonia imemchukua, amezikwa. Kemuma aliuliza, "Amezikwa na nani?" na hakuna aliyejua. Basi, wazee wakasema, mtu ambaye hakuna mkono wa kwao uliomtupia udongo hajazikwa. Jina lake haliwezi kupewa mtoto. Amesimama mlangoni mwa nyumba ya mdogo wake anangoja, na watoto wanaokuja wanamkuta pale, wanageuka, wanarudi walikotoka.

Mimi ni Mkatoliki, na Jumapili hainipiti. Lakini niliwahi kumshika Mong'ina mabega mara mbili zile, nikaiona ile damu. Sikuwa na jibu bora la kuwapa wazee.

"Nataka azikwe," Kemuma alisema. "Nani amesema sitaki? Lakini nipeni kitu chake."

"Kitu gani? Suti aliondoka nayo. Viatu aliondoka navyo."

"Sijui ni kitu gani. Lakini si mgomba."

Mgomba ukarudi bondeni. Kushuka ulikuwa mwepesi zaidi, ndivyo alivyosema mume wangu, na mzee Nyamweya akamtazama kwa jicho ambalo lilimnyamazisha mpaka jioni.

Jumapili moja baada ya hapo akaja kijana wa Ekerenyo, jina lake Ongeri, mwenye tai na viatu vyenye vumbi. Alikuwa ameajiriwa ofisi ya kilimo Kisii mjini. Huko Amerika alisomea udongo, na miaka yote hiyo alikaa chumba kimoja na Thadeus, ila alipokufa yeye alikuwa mbali kimasomo, akarudi akakuta ameshazikwa na wageni. Alikuwa amerudi juzi juzi tu, na alikuja kumpa pole mama wa rafiki yake.

Kemuma alimwacha ale kwanza. Matoke yalipokwisha, akauliza, "Mwanangu alikuwa akifanya nini huko?"

"Alikuwa na jiwe lake, mama."

Nyangau akaacha kutafuna. "Jiwe? Hapa tuna mawe mpaka ndani ya maharagwe. Alivuka bahari kutafuta jiwe?"

Ongeri akacheka kidogo, halafu akaona Kemuma hacheki. Akaeleza polepole. Alisema dunia yetu inalizunguka jua, na zipo nyingine zinazolizunguka: Mirihi iko nje yetu kidogo, na Mshtarii, lile jitu kubwa, iko mbali zaidi. Katikati ya hizo mbili kuna uwanja mpana wa mawe. Maelfu. Mengine makubwa kama wilaya, mengine kama nyumba, na yote yanalizunguka jua kila moja kwa njia yake. Walimu wa Thadeus walimpa moja alichunguze. Halikuwa na jina. Lilikuwa na namba.

"Kubwa kiasi gani?" Nyangau akauliza. Hilo ndilo swali la mchongaji.

"Kwa urefu, ukiliweka hapa, ncha moja Tabaka, nyingine inafika kwetu Ekerenyo, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Upana ni nusu ya hapo."

"Na watu?"

"Hakuna watu, mzee. Hakuna hewa, hakuna maji, na baridi yake haina mfano. Hata uzito karibu hakuna. Ukiruka pale, chai yako itapoa kabla miguu haijagusa chini."

"Basi pangemfaa mke wangu," Nyangau akasema. "Akikasirika, angalau angechelewa kunifikia."

Nilimpiga na kitambaa. Kemuma alikuwa bado anamtazama Ongeri. "Wewe umeliona?"

"Hakuna aliyeliona, mama. Hata kwa darubini kubwa ni nukta tu. Thadeus mwenyewe aliona nukta."

"Sasa alijuaje ni refu?"

Kijana akakuna kichwa. Akatoka nje, akaangalia ng'ambo ya bonde, akarudi. Akamwomba Nyangau achukue kipande kirefu cha jiwe jeupe, kile alichokuwa amekikata kutengeneza sinia, avuke mto apande hadi ile miamba ya upande wa pili, asimame jua likiwa linampiga usoni, na akigeuze kile kipande polepole mikononi. Mume wangu alilalamika, lakini alikwenda. Alikwenda kwa sababu ya Kemuma.

Tulisimama uani sote, jua mgongoni mwetu. Alipofika ng'ambo alikuwa mdogo kama siafu. Jiwe halikuonekana kuwa jiwe. Ilikuwa nukta nyeupe basi. Halafu nukta ikafifia. Ikang'aa tena. Ikafifia.

"Anafanya nini sasa?" Ongeri akauliza.

Kemuma alikuwa amekinga macho kwa mkono. "Ameonyesha upana," akasema. "Sasa ncha. Sasa upana mwingine. Sasa ncha nyingine." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni refu. Lingekuwa la duara lisingefifia."

"Hivyo tu, mama. Alikaa akipima mwanga wake, jinsi unavyopanda na kushuka. Linajigeuza upesi, mara kadhaa kati ya jua kuchomoza na jua kuchomoza tena. Lakini kulizunguka jua lenyewe, duru moja linatumia miaka minne na zaidi, maana njia yake ni ndefu, na haiko sawa na njia yetu, imeinama kama sinia lililoegemezwa ukutani. Ndiyo sababu ilimbidi angoje miaka, ili aliangalie kutoka pande tofauti. Mwaka mmoja tunalitazama kwa ubavu, mwaka mwingine kwa utosi. Akaziweka pamoja. Alijua umbo lake kuliko mtu yeyote duniani. Alijua lina bonde kubwa upande mmoja, kama limeumwa. Lina wekundu uliofifia. Alikuwa akinichorea mpaka kwenye kitambaa cha meza."

"Unalikumbuka?"

"Naweza kulichora nikiwa nimelala."

Kemuma akageuka akanitazama mimi, si yeye. "Mama Bonareri," aliniambia, "nimepata kitu chake."

Nyangau alilichonga. Alichimba kwanza jiwe la rangi ya waridi, lile gumu kupatikana ambalo wachuuzi wa Nairobi wanaligombania, akalileta mgongoni. Ongeri alikuja kila Jumapili, akaketi kando yake na makaa akichora juu ya jiwe lenyewe: punguza hapa, acha hapa, hapa ndipo bonde. Mume wangu hapendi kufundishwa. Alikuwa akisema, "Kijana, kama unajua sana shika panga wewe," na Ongeri anasema, "Samahani, mzee," kisha anachora tena palepale. Lilipokwisha lilikuwa na ukubwa wa mtoto mchanga. Refu, limepinda kidogo, na bonde ubavuni, na vishimo alivyovitoboa kwa ncha ya kisu. Halikufanana na kitu chochote tulichowahi kuuza. Wala halikuwa zuri. Lakini ukilishika ulitaka kulishika vizuri, usiliangushe.

Basi tukamwita mzee Nyamweya. Alikuja na fimbo yake, akalizunguka jiwe lililolala juu ya mkeka. Hakulicheka. Nasema hivyo kwa sababu watu walimsema vibaya baadaye, na mimi nilikuwepo.

"Ni la mtoto wenu, hilo nakubali," alisema. "Mmetafuta, mmepata. Lakini Kemuma, nikuulize. Mgomba tunauzika kwa nini? Kwa sababu tunapenda ndizi? Tunauzika kwa sababu unaoza. Unaoza chini kama mtu anavyooza, na unapooza, kilio nacho kinaoza, na sisi tuliobaki tunakula tena, tunazaa tena. Sasa hili. Babu wa babu yangu alichonga bakuli, bado ninalo. Ukizika kitu kisichooza, umezika kilio kizima kizima. Kitakaa pale chini macho wazi. Na huyu msichana ndiye atakayelala juu yake."

Mong'ina alikuwa ameketi mlangoni kwake, mkono juu ya tumbo.

Ongeri akajaribu. "Mzee, hata lile la juu linaoza. Yanagongana kule, yanavunjana, yanasagika. Nafasi ile yote ina vumbi lake."

"Linaoza kwa muda gani?"

Kijana hakujua kudanganya. "Mzee... hata milima ya Manga itakuwa imekwisha."

"Basi huo ni msiba mrefu kwangu," mzee akasema, naye akaegemea fimbo. "Kitakachooza, niiteni. Kisichooza, msiniite."

Akaondoka. Nilidhani Kemuma atalia. Alilichukua jiwe akaingia nalo ndani.

Kesho yake nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba yake, karai la maji mbele yake, jiwe mapajani, kipande cha msasa mkononi. Kwetu wanaume huchonga na sisi wanawake hupiga msasa. Ndiyo kazi yetu tangu mawe yalipoanza kununuliwa: unalowesha, unasugua, unalowesha, mpaka jiwe liwe laini kama shavu. Nikafikiri mkono wake umekwenda wenyewe kwenye mazoea. Nikafikiri pia, na hili sikulisema, kwamba anamwosha maiti wake, maana alianzia kwenye ile ncha nene kama kichwa, akashuka, na aligeuza jiwe kwa viganja viwili kama linaweza kuumia.

"Mama Thadeus, lisiwe laini sana," nikamwambia. "Ongeri alisema kule lina vishimo."

"Najua lilivyo kule."

Siku ya pili alikuwa bado anasugua. Vishimo vilikwisha. Wiki ikaisha. Ile ncha nene ikawa nyembamba. Maji ya karai yalikuwa mazito, ya waridi, na kila jioni aliyaacha yatulie, akamwaga yaliyo juu, kisha tope la chini akalimimina ndani ya chungu na kufunika kwa jani la mgomba. Ndipo Nyangau alipoelewa, kabla yangu. Alirudi nyumbani akaketi bila kudai chai.

"Analimaliza," akasema.

"Anamaliza nini?"

"Jiwe. Analimaliza lote. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na inaliwa kama muwa." Akakung'uta vumbi la mawe miguuni. "Msasa hautamtosha. Mpelekee jiwe la kusagia."

Nilimpelekea la kwangu, lile ninalosagia wimbi. Alilipokea kwa mikono miwili. Tangu siku ile alipiga magoti kama mwanamke anayetengeneza unga wa uji, akasukuma lile jiwe la waridi mbele na nyuma, mbele na nyuma, na chini yake unga ukatoka laini, unateleza vidoleni. Alilima asubuhi, alikama ng'ombe wake, alikwenda kanisani. Saa nyingine zote alisaga. Mvua ikinyesha aliingia nalo chini ya upenu. Vidole vilipasuka, akavifunga vitambaa. Nikamwambia, lete nikusaidie nusu saa tu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ulimzaa?" Nikarudi kwangu.

Ongeri alipokuja Jumapili yake na kuliona, alisimama akashika tai yake kama inamkaba. Bonde lilikuwa limepotea. Limebaki kitu kama kiazi.

"Mama! Umbo! Hakuna mwingine duniani anayelijua ila mimi, na mimi nasahau kila siku. Nilidhani angalau hapa..."

Kemuma hakuacha kusukuma. "Mwanangu, keti. Wewe umepoteza rafiki, nakuona. Lakini wewe ndiye uliyesema nayo yanasagika."

"Nilisema kwa miaka mingi, mama. Mingi!"

"Sina miaka mingi. Mong'ina ana miezi."

Kijana aliketi. Aliivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kumwambia mambo ya Thadeus. Hakusema habari za jiwe. Alisema Thadeus alikuwa akikoroma. Alichoma sima mara moja kwa unga usio wa sima, jengo zima likajaa moshi, watu wakakimbia na mablanketi. Aliogopa mbwa wa mwenye nyumba, mbwa mdogo kama paka. Nilimsikia Kemuma akicheka nyuma ya nyumba, na lile jiwe likisukumwa, mbele na nyuma, sauti zote mbili pamoja. Nilisimama na ndoo yangu. Sikujua kama inafaa kupita.

Tumbo la Mong'ina lilipita mwezi ambao lile la kwanza lilitoka. Likapita mwezi wa lile la pili. Tulihesabu kimoyomoyo kama watu wanaopita karibu na nyuki. Jiwe lilikuwa sasa la ukubwa wa yai la bata, na mikono ya Kemuma haikuweza kufumba tena.

Alasiri moja Mong'ina alikuja mwenyewe. Alishuka chini kwa shida, tumbo mbele, magoti pembeni. "Mama, nipe."

"Wewe hukumjua hata."

"Sikumjua," Mong'ina akasema. "Lakini ndiye anayesimama mlangoni kwangu. Nipe nami nimfungulie."

Kemuma aliacha kusukuma. Halafu akaliweka lile yai mkononi mwa mkaza mwanawe, akaifunika mikono ile kwa mikono yake yenye vitambaa, akamwonyesha: usikandamize, sukuma. Walisaga pamoja mpaka vidole vikawa vinagusa jiwe la chini na kati yake hakuna kitu.

Tulimwita mzee Nyamweya. Alikuja, nadhani, amejiandaa kukataa. Kemuma alimletea chungu, akafunua. Mzee aliinama, akatia vidole vitatu. Akatoa unga, akausugua kwa kidole gumba, akauacha uanguke. Upepo ukachukua kidogo. Akanusa vidole, ingawa sijui alitegemea harufu gani. Kisha akaiona mikono ya Kemuma, na akaitazama hiyo kuliko alivyotazama chungu.

"Kimeoza," alisema. "Waiteni watu."

Kaburi lilichimbwa alipoonyesha. Katekista alisoma sala zake bila kuuliza maswali mengi. Kemuma alimimina yeye mwenyewe, polepole, na unga ulishuka kama moshi unaorudi chini. Mogire alitupa udongo wa kwanza, kisha mzee, kisha sisi. Ongeri alisimama nyuma ya wote, viatu vyake vimejaa tope. Kilio kilipigwa siku ile kama Thadeus amekufa asubuhi. Wanawake walitoka mpaka ng'ambo ya mto. Mimi nililia nikapoteza leso, na aliyeiokota hajanirudishia.

Mong'ina alijifungua mvua za vuli zilipoanza, nyumbani kwake, mkunga na mimi tukiwa pale. Mtoto alitoka akipiga kelele kama mtu aliyenyimwa nafasi kanisani. Mzima. Mzito. Msichana.

Tukatazamana. Jina la Thadeus ni la mwanamume, na wote tulikuwa tumelishika mdomoni tayari. Mogire alisimama nje, anauliza kupitia ukutani, "Nini? Ni nini?" Mong'ina aligeuza uso akamtazama mama mkwe wake.

Kemuma alimchukua mtoto. Mikono yake ilikuwa imepona kwa makovu, migumu, na mtoto aliposikia ule ukwaruzo mgongoni alinyamaza.

"Mnanitazama mimi kwa nini?" akasema. "Mlangoni hakuna mtu tena, njia iko wazi, si mnaona? Atakayetangulia kupita, hiyo si kazi yetu kuchagua."

Akamrudisha kwa mama yake, akamsogeza kwenye titi. Kisha akaniambia nipike uji, uwe mwepesi, na nisiweke sukari nyingi kama kawaida yangu.